Kigingi cha Injinia na Ng'ombe Wangu

Naona haya hata kabla sijaanza, lakini kwa kuwa Gesima nzima inajua na watoto wa shule wananiita Injinia, afadhali muisikie habari hii kutoka kwangu kuliko kwa shemeji yangu Ondieki, ambaye kila akisimulia hunishusha bondeni mbali zaidi.

Nyumba yetu iko mlimani, na marehemu mume wangu tulimzika kando yake, kama ilivyo kawaida yetu. Chini kidogo ya kaburi linaanza shamba la Ondieki, mdogo wake mume wangu, lenye changarawe nzuri, naye akataka kufungua machimbo. Sikumkatalia, shamba ni lake, ila nilikosa amani nikifikiria kilima kikichimbwa miguuni mwa mume wangu. Basi akaja injinia kijana kutoka mjini, akachimbisha shimo la majaribio, ukuta wake kimo cha mlango, na juu ya ukingo akapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, akawaambia watu visiguswe mpaka arudi kuvipima, ili ijulikane kama udongo unashika au unatembea. (Mimi nilikuwa nachuma chai, sikuyasikia hayo. Huo ndio utetezi wangu, na hautoshi, maana rangi nyekundu niliiona.)

Siku moja kabla hajarudi, kigingi cha ng'ombe wangu Malaika kilivunjika. Nikatazama huku na huku, nikaona kigingi kizuri kimepigiliwa kwelikweli, nikamfunga hapo nikaenda zangu kwenye chai. Malaika (jina nililompa kabla sijamjua) akaona majani ya nepia, malisho ya Ondieki, upande wa chini, akavuta. Niliporudi kigingi kilikuwa kimelala. Na mimi sipendi kuacha kitu cha mtu kimeharibika, kwa hiyo nikakisimamisha palepale kilipoangukia, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikanyooka kuliko wenzake wote, nikasawazisha udongo kwa mguu, nikaridhika. Kilikuwa kimesogea ukingoni kama urefu wa mkono, lakini niliona kigingi ni kigingi.

Kesho yake tukakusanyika, ukoo, majirani na naibu wa chifu, mama mkwe wangu akiwa kwenye kigoda karibu na kaburi. Injinia akaanza kupima kutoka kwenye nguzo ya mpaka. Kigingi cha kwanza sawa, cha pili sawa, akafika kwenye changu. Akapima. Akapima tena. Akavua kofia.

"Kilima kimetembea," akasema. "Tena kimetembea bila kupasuka. Sijawahi kuona."

Watu wakarudi nyuma. Naibu wa chifu, aliyekuwa ukingoni kabisa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika barabarani. Injinia akamwambia Ondieki kwamba hapo hapafunguliwi machimbo, na mimi, Mungu anisamehe, moyo ukaniruka kwa furaha, maana hicho ndicho nilichokuwa nikiomba. Ningenyamaza tu, kaburi lingekuwa salama. Lakini mama mkwe akaukumbatia msalaba wa mwanawe akilia, "Yaaye! Mwanangu atazikwa mara ya pili!" na Ondieki amesimama kama mtu aliyefiwa upya, na kile kigingi kinanitazama, kimenyooka.

"Ni ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe gani, mama?" injinia akauliza.

"Wangu. Nilimfunga hapo jana, akaking'oa, nikakirudisha."

Ondieki akasema, "Shemeji, umetembeza mlima kwa kamba?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Naibu wa chifu akapiga kelele kutoka barabarani, "Kwa hiyo nirudi?"

Ingeishia hapo ningeshukuru. Injinia akaniomba nimwonyeshe kigingi kilipokuwa mwanzo, nami, kwa kutaka kurekebisha mambo upesi, nikapita ukingoni na gauni langu la msiba, nikainama, na udongo ukaniacha. Niliteremka kwa makalio mbele ya ukoo mzima, changarawe ikinifuata, gauni likichelewa nyuma (msiulize), nikatua chini na kiatu kimoja.

"Shemeji, umeumia?"

"Niko mzima! Acheni kuangalia!"

Injinia akazunguka akateremka, wala hakunitazama mimi, alitazama njia niliyopitia. Akabonyeza ukuta kwa vidole. Chini ya changarawe kulikuwa na udongo laini, umelowa maji, unateleza kama sabuni.

"Ukuta wa kusimama hivi hautashika," akamwambia Ondieki. "Hapa paache. Anzia kule, ng'ambo ya ule mti wa avokado, na uchimbe kwa ngazi, vidato vifupi vifupi, kidogo kidogo."

Ondieki akatazama avokado, akatazama kaburi la kaka yake, akasema kule pia changarawe ipo.

Jioni mama mkwe akawa ananipangusa tope mgongoni, tumekaa karibu na kaburi, mara akasema, "Mwanangu angekuwepo leo, angekufa kwa kicheko." Akajiziba mdomo haraka. Kisha tukatazamana, na sisi wawili ambao tangu msiba hatukuwa tukizungumza zaidi ya salamu, tukacheka mpaka tukashikana.

Sasa Ondieki anachimba kwa ngazi, ng'ambo ya avokado. Mimi nimeapa kutomfunga ng'ombe kwenye kigingi nisichokipigilia mwenyewe, hata kiwe kimenyooka namna gani. Na kila asubuhi nikienda kwenye chai napita kuangalia kaburi. Halijasogea. Nikiwa na hakika hakuna anayesikia, namwambia mume wangu kwamba hata Malaika amefungwa mbali.