Duara Nililoliacha Bila Shanga

Jumanne iliyopita afisa utamaduni aliniambia, ofisini kwake Mbulu, kwamba ngozi niliyoishona shanga haitatundikwa kwenye maonyesho mpaka nijaze karatasi moja: jina la kazi na maelezo yake. Mistari mitano. Nimeshindwa hata mmoja, ndiyo maana nauandikia ukurasa huu wa ushauri. Naomba jina langu lifichwe.

Nina miaka thelathini na miwili, mama wa watoto wanne, nimeolewa kijijini Hirbadaw. Nilisoma hadi darasa la saba. Kushona shanga kwenye ngozi nilifundishwa na mama mkwe wangu. Hii ni ngozi ya ndama, nimeishona miezi saba. Shanga za njano zimeijaza, mstari kwa mstari, kama ngano inavyopandwa kwa mashine. Katikati nimeacha duara la ngozi tupu, ukubwa wa kiganja.

Afisa aliisifu, kisha akauliza kama shanga ziliniishia. "Mama, jaza hapo katikati, halafu andika kwamba ni mavuno. Wageni watapenda." Niliikunja ngozi. Alidhani naona haya.

Duara hilo ni kaburi la baba mkwe wangu. Alikuwa mzee wa heshima, na ukoo ulimjengea kilima cha udongo. Shamba kubwa la ngano linalopakana nasi lilipopanuliwa, trekta lilipita juu yake. Leo pale ni ngano tu, na mahali penyewe tunapajua sisi wa nyumbani.

Kwetu Wabarbaig mke halitamki jina la baba mkwe, hata kama amekufa. Mimi naona kuliandika ni kulitamka. Na bila jina, kaburi ni la nani? Nilimwendea mama mkwe, nikamwamkia, nikamweleza. Yeye naye hamtaji mumewe. Aliweka kiganja juu ya duara, likamtosha kabisa. Kisha akasema, "Usijaze."

Anayeweza kulitaja ni mume wangu, kwa kuwa ni baba yake. Lakini yeye ni mlinzi wa shamba hilohilo. Nilipomwomba aandike, hakukasirika. Aliniuliza, "Mama watoto, wakubwa wa shamba wakiisoma, kesho yake nikachunge wapi? Malisho si ndiyo hayo wameyalima?" Akaniambia niandike mavuno.

Nikiandika mavuno, watu watasimama mbele ya kaburi na kusifu ngano. Nikiandika kweli, watoto wangu watakosa chakula. Nikiiondoa ngozi kwenye maonyesho, sijui nitamwambia nini mama mkwe, maana kila asubuhi ananiuliza kama maneno yamepatikana.

Ninyi mnaosoma, nishaurini: kwenye mistari hiyo mitano niweke nini? Karatasi inatakiwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, kabla ya saa sita mchana. Basi la Mbulu hupita hapa saa kumi na mbili asubuhi.