Mama Keren na mashine inayoomba ruhusa Beni

Ijumaa, mchana. Kwenye salle ya jeu ya Mama Keren Kahongya, chumba cha kuchezea michezo ya video, huku Vulamba, mjini Butembo, umeme upo, connexion ipo, na wanaume saba wamejibana kwenye benchi la watu wanne. Mashine ya michezo bado imezimwa. Mwenye nayo ameshika simu na kuikodolea macho kama mzazi anayengojea matokeo ya mtihani wa serikali.

Simu inatetemeka. Ujumbe ni wa neno moja tu, kutoka Beni: "Naingia."

"Papa Musafiri anaingia ku musikiti!" anatangaza Mama Keren.

Siméon, dereva wa taxi-moto mwenye mdomo kushinda pikipiki yake, anaruka na kunyakua manette, kile kidude cha kuchezea.

"Weka chini, ndeko. Kungali mutu moja."

"Ma Keren, weye njo Mukatolike gani mwenye anajua saa ya sala kupita imamu?"

"Njo ule mwenye anataka ucheze mupaka mwisho. Kaa."

Siméon anakaa. Benchi linalia. Simu iko kimya.

Mama Keren ana miaka arobaini na moja, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, na zamani aliuza viazi vya Kipese. Viazi vilikuwa vinaoza kabla lori halijatoka matopeni. Akachoka. Akasema atafute biashara isiyooza.

Mashine aliinunua kwa Musafiri, msafirishaji wa Beni aliyekuwa anataka kuleta nyumbani mashine mpya zaidi. Ilikuwa safi, manette mbili, na ndani mchezo wa mpira ambao vijana wa Vulamba wanaupenda kuliko chakula. Walipeana mikono, wakanywa chai, wakaachana kama ndugu.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Tatizo ni kwamba wote wawili hawakujua wameuziana nini.

Mchezo ule haukuwa kwenye CD. Musafiri aliununua kwenye internet, kwa jina lake, kwenye compte yake, yaani akaunti ya michezo. Mashine ilihama, compte ilibaki Beni. Kila mchezo ukiwashwa Butembo, mashine inapita kwanza kwenye internet kuuliza mwenyewe yuko wapi. Akiwa anacheza nyumbani kwake, huku Vulamba skrini inakuwa nyeusi.

Mara ya kwanza, Mama Keren alisoma maandishi kwenye skrini kwamba compte inatumika mahali pengine. Akageuka kuangalia nyuma ya pazia.

"Mahali pengine wapi?" aliuliza. "Hii nyumba iko na mulango moja!"

Alipoelewa, alikasirika hadi akasahau kupika. Hasira yake mpaka leo ameivaa. Ni koti la bluu, la mitumba, alilolipata sokoni kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Analivuta kifuani anapoeleza.

"Hii koti ilikuwaka ya mutu wa Ulaya. Sijue jina yake. Minaivaa, minasikia joto, basi. Ule mutu hapana anitelefonie kusema: mama, vua, na mimi leo nasikia baridi! Sasa juu ya nini mashine yenye nililipa iko nalomba ruhusa?"

Jirani yake Lusenge, mwenye salle chini kidogo ya barabara, hana shida hiyo. Mashine zake ni za zamani. CD zake zimepita mikono mingi kabla ya kufika kwake, na hakuna hata moja inayouliza swali. Wateja wanajua. Kila skrini ya Mama Keren ikizimwa, wanateremka kwa Lusenge, na wengine hawapandi tena.

Kununua mchezo wake mwenyewe? Unatakiwa kulipia kwa karte ya benki, na yeye hana. Halafu kuupakua kunameza mega za internet za mwezi mzima.

Kwa hiyo alimpigia Musafiri, na hao wawili wakafanya jambo ambalo kampuni ya mchezo huko iliko haijaliota. Waligawana compte kwa dini.

Jumapili asubuhi Mama Keren yuko kwenye misa na salle imefungwa: Musafiri acheze atakavyo. Ijumaa mchana Musafiri yuko msikitini: Vulamba icheze. Siku nyingine Musafiri yuko barabarani na gari lake, lakini barabara yetu inajulikana. Anaweza kurudi leo, anaweza kurudi keshokutwa, na akifika tu anataka kupumzisha akili. Saa yenye uhakika ni ile ya sala. Ndiyo maana tournoi ya Vulamba, mashindano ya mechi moja franka mia tano, ilipangwa Ijumaa.

Mpango ulitembea vizuri sana. Musafiri akawa anajua sikukuu za Kanisa. Siku ya Kupaa Bwana alipiga simu mwenyewe: "Mama, leo banasoma misa, ama mutafungula?"

Halafu mwezi uliopita, katikati ya sala ya Ijumaa, Siméon akiwa anaongoza mbili kwa moja kwenye nusu fainali, skrini ikawa nyeusi.

"Banani-iba!" Siméon alilia, mikono kichwani. "Ma Keren, ule Musafiri anasalia mu salon ya nyumba yake!"

Ijumaa iliyofuata, vilevile. Wateja wanne walibeba kofia zao wakateremka kwa Lusenge. Jioni Mama Keren alipiga simu Beni, na hapakuwa na salamu ndefu.

"Papa Musafiri, ile sala yako inafungaka magoli?"

"Mama, naapa, miye hapana gusa! Nilikuwa musikitini, mustari wa kwanza!"

"Basi ni jini njo anacheza?"

"Uliza imamu!"

"Nitamuuliza! Mupe namba yangu!"

Alikata simu, na moyo ukamuuma. Anasema usiku ule alijiona amepoteza vitu viwili: salle na rafiki. Na kama Musafiri angekasirika na kubadilisha neno la siri la compte, mchezo ungefungwa milele.

Ijumaa ya tatu skrini ilipozimwa, hakumpigia Musafiri. Alipiga simu ya nyumbani kwake. Ililia sana. Mwishowe sauti ya mwanamke ilipokea, ikihema.

"Nani? Piga nyuma! Niko na penalti!"

Mara zikaja kelele za furaha zilizofanya benchi zima la Vulamba lisimame.

Alikuwa Amina, mke wa Musafiri, muuza vitenge. Bwana akienda msikitini, yeye anasali haraka nyumbani, kisha anashika manette. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Mama Amina, weye njo unacheza?" Mama Keren aliuliza.

"Nani alisema hii ni kitu ya banaume? Bwana yangu anachezaka vibaya. Minaona haya kwa ajili yake."

Mama Keren alicheka hadi akashika ukuta. Walimaliza maneno palepale: Amina acheze mechi moja tu mwanzoni mwa sala, kisha aache. Na Musafiri asiambiwe. Siri hiyo ilidumu mpaka jioni, ikamfikia Musafiri, maana Siméon aliisikia yote.

Sasa simu inatetemeka tena. Mama Keren anasoma kwa sauti: "Nimemaliza. Tatu kwa moja. Wasingya." Anatabasamu kwa hiyo asante ya Kinande, anabonyeza, na skrini inajaa majani ya kijani. Benchi linapumua.

Mipango ipo. Jumamosi moja, barabara ikikubali, Amina atapanda gari la bwana wake aje Vulamba kupambana na Siméon. Wakiwa kwenye mashine moja, compte haitakuwa na la kuuliza. Mama Keren pia anafungua akaunti ya benki ili apate karte na kununua mchezo wake, kwa jina lake mwenyewe.

"Na ile compte ya Beni?" anauliza Siméon, macho kwenye skrini.

"Itabakia ya Mama Amina. Ijumaa muzima."

"Na papa Musafiri?"

Mama Keren anavuta koti lake kifuani.

"Yeye? Aendelee kusali."