Kisu cha Mama Kule Kapata

Juzi, katika soko moja la Kolwezi, niliona kisu cha jeshi kama kile cha mama: chuma kimoja kutoka ncha hadi mwisho wa mpini, meno ya msumeno mgongoni, na mpini uliozungushiwa ngozi. Mama alikirithi kwa babu, aliyekuwa askari. Kwetu Kapata kilimenya mihogo, kikapasua kuni na kuparua samaki, hata ngozi yake ikanuka samaki daima.

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, kelele zilitutoa jikoni. Vijana walikuwa wamemkamata mtu aliyeiba mbuzi wetu. Walimfunga mikono kwa kamba ya nailoni, wakawa wanampiga mawe. Damu ilimtoka puani na mdomoni. Mmoja alikuwa ameshika kopo la petroli, na harufu yake ilinifikia mlangoni.

"Mama, muivi yako ni huyu!" akaita.

Mama akapita katikati yao, kisu mkononi. Nilifurahi, maana nilidhani anakwenda kummaliza. Akainama, akaikata kamba kwa yale meno, akamwambia mwizi:

"Kimbia, mutoto yangu!"

Mwizi akakimbia. Jiwe alilorushiwa likampata mama sikioni, akaanguka.

Nilimwinua huku nikilia kwa hasira. "Mama, juu ya nini haukumutoboa?"

Akanizaba kofi, kisha akaketi mavumbini akitetemeka mwili mzima. Sikio lile halikusikia tena. Nami, kwa miaka mingi, niliamini kwamba siku ile mama aliogopa.