Nani Amechinja Kuku Huyu

Wilkister amefukuzwa kazi kwa kusema ukweli, na mimi bado sijapoa. Nauza nyanya na vitunguu mlangoni mwa hoteli ya Okwara hapa Malaba, mkabala na yadi ya malori, kwa hiyo sikusimuliwa na mtu. Nilijionea kwa macho yangu.

Wilkister ni mjane, mtu wa Nambale. Alianza hapo akiosha sufuria, akapanda mpaka jiko likawa lake. Mzee Okwara, ambaye pia ni wa Nambale, alimwachia achague wenzake, naye hakuchagua ndugu. Alimchukua Alaso, Mteso wa Adungosi, kwa sababu kuku wa kienyeji wanatoka kwao, na akina mama wa huko hawamuuzii mtu wasiyemjua. Alimchukua Swaibu, Mwislamu wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, awe mchinjaji. Madereva wengi wanaolaza malori hapa ni Wasomali na watu wa Mombasa, na kabla hawajanawa mikono huuliza swali moja: kuku amechinjwa na nani? Swaibu alikuwa akitoka jikoni na kisu chake, anawaamkua, nao wanakaa.

Wala si kuku tu. Mwezi wa Ramadhani, jua likianza kushuka, Alaso alikuwa akimfukuza Swaibu jikoni akafuturu. Krismasi ikifika, Wilkister na Alaso wanakwenda makwao na Swaibu anabaki akipika na mke wake. Hoteli zingine zimefunga, ya Okwara inafuka moshi. Waligombana, tena sana, kuhusu chumvi na kuhusu stesheni ya redio. Kisha walikula kwenye sinia moja.

Halafu Mzee Okwara akapata kiharusi, na mwanawe Quinton akaja kutoka Eldoret kushika hoteli. Hakuonja hata mchuzi. Jumatatu asubuhi aliwaita wote uani.

"Siwezi lisha watu wa nje na vijana wa kwetu wanakaa bure," alisema.

Alaso na Swaibu wakaambiwa waende, bila hata asante. Mahali pao wakaingia binamu zake wawili. Wilkister akavutwa pembeni, karibu na meza yangu.

"Auntie, wewe usiogope. Wewe ni wetu. Wewe hauguswi."

Nilitamani kumrushia nyanya, na zilikuwa nyanya nzuri. Alaso ni mtu wa nje? Hapa ni Teso. Kama kuna wageni Malaba, ni Quinton, ni Wilkister, na ni mimi niliyekuja na kikapu changu kutoka Butula. Mtu anafika juzi na begi, anamfukuza mwenye kwao kwa jina la "kwetu".

Wilkister alinyamaza. Ana mabinti wawili sekondari na hana mwingine wa kumshika mkono. Alimwomba tu Quinton amrudishe Swaibu kwa ajili ya kuchinja. Akajibiwa kwamba kisu ni kisu.

Alhamisi mchana malori yakajaa. Akaingia Abdi, dereva mzee wa Garissa ambaye amekula hapo miaka mingi, pamoja na wenzake wawili. Wilkister alikuwa ameshabeba sahani za kuku anazipeleka kwenye meza yao. Abdi akatazama mlango wa jikoni.

"Mama, leo sioni Swaibu. Hii kuku imechinjwa na nani?"

Quinton alidakia kutoka kaunta. "Ni Swaibu, mzee. Ametoka kidogo tu, ameenda soko." Akamgeukia Wilkister. "Si ndiyo, auntie?"

Hapo ndipo damu ilinichemka. Kumfukuza mtu ni jambo moja. Kulichukua jina lake baada ya kumfukuza, ukalitumia kumlisha mzee kitu ambacho dini yake inamkataza, jambo hilo sijui hata niliite nini.

Wilkister alirudisha sahani kwenye meza ya jikoni.

"Hapana, mzee. Swaibu alifutwa Jumatatu. Hii imechinjwa na Dancan, binamu ya boss. Usikule."

Abdi alimshukuru, akasimama, na wenzake wakasimama. Hawakupiga kelele. Quinton akawafuata mpaka mlangoni akisema samaki wapo.

"Watapikwa kwa sufuria gani?" aliuliza Abdi, akaenda zake.

"Unaniangusha mbele ya wateja," Quinton alimwambia Wilkister, "na wewe ni mtu wa kwetu?"

"Kwa sababu ni wa kwenu, nilinyamaza wenzangu wakifukuzwa," Wilkister alisema, akifungua aproni. "Hiyo ndiyo inaniuma. Ya leo hainiumi."

Akaambiwa asirudi. Alikaa nyuma ya meza yangu mpaka jioni, akilia kwa ajili ya karo. Kuna watu wanapita wakiniambia angefumba macho, ati kuku ni kuku. Siwauzii nyanya.

Jumapili, Dancan alikuja nyumbani kwa Wilkister nikiwa hapo. Yadi imejaa malori na hoteli haina mtu. Akina mama wa Adungosi nao wanapeleka kuku kwingine. Boss amemsamehe auntie, alisema, arudi kesho, yeye peke yake.

Wilkister hakumtukana. Alimkaribisha kiti, akamwekea chai mbele.

"Na nani atachinja?" aliuliza.

Dancan aliinamia kikombe. Alikunywa chai yote, akaondoka peke yake.