Mlango wa Wavu

Fundi wa magitaa hajui kutulia. Jumapili mchana Arvella huwaonyesha wateja wa baa yake, hapa Texas, filamu za kweli za maisha ya waimbaji wa kantri waliowagomea wakubwa wa muziki kule Nashville. Wenzake huvuta viti. Yeye huzungukazunguka, kidole gumba chenye sugu kikibandua karatasi ya chupa ya bia.

“Kaa basi, mzee, unatuziba!”

“Tazameni, mimi nasikiliza.”

Leo ilikuwa ile ya zamani iliyopigwa barazani: vijana wameketi duara, gitaa linapita mkono kwa mkono, na likikufikia lazima uimbe wimbo uliotunga mwenyewe. Wimbo ulipokolea, mlango wa wavu ukasikika ukibamizwa nyuma ya kamera. Baa nzima ikafyonya.

“Mpumbavu gani huyo?”

“Mimi,” fundi akasema. “Nilikuwepo pale, nikatoka. Zamu yangu ilikuwa inafuata.”

Arvella akasimamisha filamu. “Wimbo ulikuwa nao?”

“Ninao.”

Arvella akamtungulia gitaa la ukutani. Fundi akakaza nyuzi moja moja, sikio limeinama, mpaka zote sita zikakubaliana. Kisha akalipitisha kwa aliyeketi jirani yake.

“Sasa liko sawa,” akasema, akatoka, akiushikilia mlango usipige kelele.