Mbeba Mkoba wa Mheshimiwa

Miaka kumi na tisa alibeba mkoba usio wake. Mkoba wenyewe mweusi, wa ngozi, na yeye hatua mbili nyuma ya mheshimiwa, upande wa kushoto, asikohoe wala asipige chafya. Mtaani kwao walimwona mtu mzito. "Shemeji, wewe si unakula naye sahani moja!" Sahani moja, thubutu! Chakula chake alikula amesimama ukutani, mkoba kwapani, wenzake wakishafuta midomo.

Wapambe wa mheshimiwa walikuwa tisa na sheria yao moja: bosi hapelekewi kero. Akiuliza barabara, barabara safi. Akiuliza wananchi, wananchi wanampenda mno. Dereva mmoja mwenye mdomo aliwahi kujibu vingine, kesho yake akahamishiwa getini. Basi wote wakajifunza kutabasamu kwanza, kufikiri baadaye.

Sasa mkewe figo zimegoma. Uso umevimba, miguu imevimba, viatu havimwingii tena. Daktari akaandika barua apelekwe nje akatibiwe. Ilibaki sahihi moja tu, ya mheshimiwa, na orodha ya wagonjwa wa kwenda nje ya nchi inafungwa Ijumaa. Wiki mbili nzima mbeba mkoba alitembea na barua mfukoni mwa shati akitafuta mwanya. Mwanya utoke wapi, na wapambe wamemganda bosi kama nzi? Katibu muhtasi naye akamruka: "Kaka, mambo ya nyumbani mwambie mwenyewe. Mimi simo."

Ijumaa saa tisa bahati ikamwangukia. Lifti ilijaa, mheshimiwa akawatoa wote kwa ishara ya mkono, akabaki na mbeba mkoba wake peke yake. Mlango ukajifunga. Ghorofa saba! Mkono ukaingia mfukoni, barua akaishika.

Mheshimiwa akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza miaka yote hiyo.

"Mzee wa mkoba, nyumbani wazima?"

"Wazima kabisa, mheshimiwa! Wanakusalimu."

Lahaula! Maneno yalimtoka yenyewe, na tabasamu juu yake. Akafungua mdomo tena, akaufumba: kusema sasa kwamba kuna mgonjwa ni kukiri amemdanganya bosi hapo hapo. Mheshimiwa akasema, "Safi sana," akatazama saa. Mlango ukafunguka, wapambe waliokimbilia ngazi wakamzoa huku wanahema, gari likaondoka. Saa kumi orodha ikafungwa.

Nyumbani alimkuta mkewe amekaa kitandani, amevaa gauni lake la safari.

"Umempata?"

"Nimempata. Ametuulizia hali."

"Ukamwambiaje, baba watoto?"

Angeweza kudanganya, ujuzi anao. Lakini alimwambia vile vile ilivyokuwa, kichwa chini, huku aibu inamla.

"Kwa hiyo mimi ni mzima, na nimemsalimu," mke akasema. "Haya. Nishike mkono, nilale."