Magunia ya Mama Daisy Yaliyorudi Nyumbani

Asubuhi mtaani Sarang'ombe, Nairobi, moshi wa mandazi bado unatambaa juu ya mabati. Nyuma ya chumba chake cha kupanga, Akoth amepiga magoti mbele ya gunia lililojaa udongo na samadi, miche ya mboga ya sukuma wiki imechomoza kwenye matundu ubavuni. Wanawake watano wamemzunguka.

"Usimwage maji pembeni, Kasyoka. Mwaga hapa katikati kwa mawe, yashuke polepole mpaka chini," Akoth anamwambia mmoja wao. "Ukiyamwaga pembeni, sukuma ya chini itakufa na kiu na ya juu ioze."

Kasyoka anacheka. "Sawa, mwalimu."

Ualimu huo Akoth hakuusomea. Alizaliwa kijijini Ugenya, katika boma lililokula kutoka shambani, na jembe alilishika akimfuata mama yake, Aluoch, kwenye mistari ya mtama. Alipoolewa na kuja Nairobi, shamba lilibaki nyuma. Akawa anafua nguo za watu katika mtaa wa Nyayo Highrise na kununua mboga zilizonyauka.

"Iliniuma," anasema. "Mtoto wa mkulima kununua sukuma ya jana!"

Alianza na gunia moja, yakafika thelathini. Majirani wakauliza, akawaonyesha. Habari zikafika mtaa wa Kawangware, na Wanja, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha huko, akamwita afundishe wapangaji wake.

Kisha mvua ikanyesha usiku kucha na mto uliopita karibu na magunia ukavunja kingo. Kulipokucha, magunia yake yote thelathini yalikuwa yamesombwa. Mumewe, Opondo, alipata moja tu, limenasa kwenye waya, tupu.

"Nilimwambia Opondo basi, imetosha. Narudi kufua," Akoth anakumbuka.

Alifua wiki mbili. Jumapili moja akitoka kanisani, alimkuta Wanja mlangoni, matope hadi magotini, na wapangaji wake wamebeba ndoo zilizojaa machipukizi ya sukuma.

"Mama Daisy, si ulitupatia hizi zikiwa ndogo?" Wanja alimwambia. "Zimezaa. Tumekuletea wajukuu."

Akoth aliketi kizingitini akalia. Opondo alichukua sururu akaenda kutafuta mawe ya magunia mapya.

Safari hii magunia yamepangwa juu, mbali na mto. Familia inakula mboga zake, na kinachobaki kinauzwa sokoni Makina. Kila Jumamosi Akoth huenda Kawangware kufundisha, na Wanja humpa chai.

Lakini moyo wake sasa uko Ugenya. Mama yake ameachwa peke yake na shamba, na mgongo umekataa kuinama. Desemba, Akoth anataka kwenda na binti yake Daisy, wampangie magunia mlangoni, yafike kiunoni.

"Mama alinifundisha kulima nikiwa nimeinama," anasema. "Nataka nimfundishe akiwa amesimama."

Amekwisha kumpigia simu. Kikongwe alicheka sana: kulima ndani ya gunia?

"Njoo basi," alimjibu. "Lakini jembe langu usilifiche."